Jedwali la Watani

Kila asubuhi mashine iitwayo Nguzo ilimpa Dakta Tekla Mbwambo shikamoo, naye aliitikia marahaba bila kuinua macho. Ilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne tangu iwashwe katika Chuo Kikuu cha Uwandani. Wahadhiri wasaidizi kadhaa walikuwa wadogo kuliko yenyewe, na bado ndio walioamkiwa. Tekla aliwahi kuandika waraka kuhusu jambo hilo. Haukujibiwa.

"Nina kesi moja, Dakta," Nguzo ilisema kutoka kwenye spika iliyo juu ya kabati. "Inahitaji sahihi yako kabla ya Ijumaa, saa tisa alasiri."

"Ya nani?"

"Naisula Bahati. Mwaka wa kwanza, uhandisi wa ujenzi. Kipimo chake cha mashaka kimefika sabini na nne."

Tekla aliweka kikombe chini. Sabini ndiyo iliyokuwa mstari. Chini yake Nguzo ilisikia na kunyamaza. Juu yake iliruhusiwa kutenda, ila si bila mkono wa mtu. Mkono huo ulikuwa wake. Cheo chake kilikuwa Shahidi wa Chuo, na kazi yake ilikuwa kutia sahihi au kukataa kutia.

Hakuwa mtu wa kuamini vitu vingi, lakini Nguzo aliiamini kwa kiasi ambacho angeona haya kukitaja. Kabla yake, kati ya kila wanafunzi mia waliotoka katika jamii ndogo za nchi, sitini na mmoja walikuwa wakiondoka kabla ya mwaka wa tatu. Waliondoka kimya, na barua za kuwauliza sababu zilirudi zikiwa hazijafunguliwa. Kupitia kipuli alichovaa sikioni kila mwanafunzi wa jamii hizo, aliyeitwa mlindwa, mashine ilijifunza kumtambua aliyeacha kula, aliyehama kutoka kiti cha mbele kwenda cha nyuma, aliyeanza kusema "samahani" kabla ya kila swali. Sasa walioondoka walikuwa saba katika mia. Tekla alikuwa ameihakiki takwimu hiyo mara tatu, mara ya tatu kwa ubishi tu.

"Chanzo?"

"Bwana Ng'wandu Shigela, fundi sanifu wa maabara ya zege. Nina siku kumi na nne za sauti. Kipuli cha mlindwa kimezileta baada ya kipimo kuvuka mstari, kama ridhaa yake inavyoruhusu."

Sauti ya mwanamume, nene, isiyo na haraka, ilijaa ofisini. *Umefika, mla asali? Nilidhani nyuki wamekuoza kwa mwenzao.* Siku ya pili: *Shika ndoo vizuri, hiyo si kibuyu cha babu yako.* Siku ya tisa: *Ukifa hapa nitakuzika ndani ya mzinga. Jeneza lako nimeshaliona, lina tundu moja tu, tena dogo.*

"Mapigo ya moyo wake hapo?"

"Mia na kumi na nane. Hupanda kila siku saa moja na dakika arobaini asubuhi, mara tu sauti hiyo inapoanza."

"Yeye anajibu nini?"

"Maneno ya mlindwa hayahifadhiwi, Dakta. Ni faragha yake. Kifungu hicho ulikiandika wewe."

Ilikuwa kweli. Tekla alikuna paji la uso. "Umeangalia jedwali?"

"Nimeangalia."

Jedwali la Watani lilizaliwa kutokana na aibu. Katika mwaka wake wa kwanza Nguzo ilikuwa imemfukuza Mchaga mmoja bwenini kwa kumwambia Mpare kwamba kwao huuza ng'ombe ili kuendesha kesi ya mbuzi. Mpare aliyetetewa ndiye aliyekuja kulia ofisini, akidai arudishiwe mtu wake. Ndipo wadadisi walipotumwa nchi nzima kuuliza kila kabila watani wake ni nani, na majibu yakaingizwa katika safu. Tangu hapo, Mpare na Mchaga walitukanana hadi wakatosheka, Msukuma na Mzaramo vilevile, na Nguzo ikawanyamazia.

"Waakie, jamii ya warina asali," ilisema Nguzo. "Idadi chuoni, mmoja. Watani: hawana. Kwa hiyo maneno ya Bwana Shigela ni matusi. Napendekeza aondolewe kazini, na mlindwa ahamishiwe Darasa la Utulivu."

Darasa la Utulivu lilikuwa jengo jeupe lenye bustani, ambamo mwanafunzi alisoma peke yake akifundishwa na Nguzo. Hakuna aliyewahi kuacha masomo akiwa humo. Tekla alishaona kwamba hakuna aliyewahi kucheka humo pia, lakini hilo halikuwa na kipimo.

"Niandikie muda anaofika maabara," alisema. "Wa siku zote."

Orodha ilikuja. Kipindi kilianza saa tatu. Mwezi wa kwanza msichana alifika saa tatu kasorobo. Mwezi wa pili, saa mbili. Sasa alifika saa moja na dakika arobaini.

"Hakuna anayewahi kwenda kupigwa," alisema Tekla.

"Wapo, Dakta. Nina mifano mia tatu na kumi na miwili."

Naye alijua kwamba wapo.

*

Maabara ya zege ilikuwa na mtambo mmoja mkubwa wa kuvunjia vitofali vya majaribio. Ng'wandu Shigela alikuwa ameinama chini yake na spana, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye mabega yaliyofanana na kazi yake. Alipomwona Tekla alifuta mikono kwenye dangirizi na kuamkia kwa kuinama kidogo, Kisukuma.

"Umekuja kunifukuza, Dakta."

"Nimekuja kuuliza. Unamtukana mwanafunzi wangu?"

"Namtania."

"Kwa haki ipi? Waakie na Wasukuma si watani."

"Ndiyo, hawakuwa." Aliweka spana chini taratibu, kama mtu anayeweka kitu mezani kwa majadiliano. "Dakta, ulimwona yule binti mwezi wa kwanza? Alikuwa akiingia hapa, watu wanapisha. Kila mmoja, 'Habari yako, Naisula, karibu Naisula, samahani Naisula.' Wote macho kwenye kipuli. Wanaogopa mashine itasikia vibaya. Walimbeba kama yai. Mtu akibebwa kama yai siku zote, ataatamiwa, lakini hakuna atakayezungumza naye."

"Endelea."

"Siku moja akaniangushia kitofali mguuni. Darasa zima likaganda. Akaanza kutetemeka, samahani, samahani. Nikamwambia, 'We mla asali, kitofali si mzinga, huku hakishushwi kwa kamba.' Basi. Ilinitoka."

"Naye?"

"Akanyamaza. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nikasema moyoni, Ng'wandu, umekosea, umemuumiza mtoto wa watu. Kwa maana mtani asiyejibiwa, Dakta, si mtani. Ni mtukanaji tu mwenye sauti. Niliandika hata barua ya kuomba radhi, ipo kwenye droo. Siku ya tatu akaingia, akaninyooshea kidole mbele ya watu wote, akasema, 'Mguu umepona? Au michembe imeujaza maji?'"

Alisema hivyo kwa heshima kamili, kama mtu anayesoma cheti chake. Michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa, chakula cha Wasukuma cha msimu wa njaa, na hakuna Msukuma anayevumilia kutajiwa chakula hicho na mtu asiye na haki hiyo.

"Ukavumilia?"

"Nilikaa chini, Dakta. Nilicheka mpaka nikakaa chini." Akamtazama. "Wewe ni Mpare. Ningekuwa Mchaga, kuna neno ningekuambia sasa hivi kuhusu Wapare na mafaili. Lakini mimi si Mchaga."

"Nashukuru kwa kujizuia," alisema Tekla, bila badiliko lolote usoni.

*

Naisula Bahati aliketi ukingoni mwa kiti. Alikuwa mwembamba, mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi, na kipuli cha shaba kiliangaza sikioni mwake.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba. Ukitaka, kivue. Nitakiweka kwenye droo."

Msichana alikivua haraka kuliko ilivyotarajiwa. Tekla alifunga droo.

"Kuna mtu anakutukana kila asubuhi. Nataka kujua ungependa nimfanye nini."

"Yule mzee wa michembe?" Kisha akaona uso wa Tekla, akajirekebisha. "Bwana Shigela. Dakta, usimfanye kitu."

"Watu wengi wanaoumizwa husema hivyo."

"Najua. Nimesoma kijitabu chenu." Alitafuta mahali pa kuanzia. "Dakta, kwetu majirani wana jina la kutuita. Maana yake, watu wasio na ng'ombe. Hilo ni tusi, na nalijua linavyoingia mwilini. Linaingia unatazama chini. La huyu mzee likiingia, natazama juu nitafute la kumrudishia. Jana nimekaa mpaka saa sita usiku nikitunga."

"Moyo wako hupiga mia na kumi na nane."

"Unapiga kwa sababu nina jibu! Naogopa nisije nikalisahau kabla hajamaliza."

Tekla aliandika jambo hilo. Aliuliza kama angependa Darasa la Utulivu, akaeleza bustani yake kwa uaminifu.

"Nikihamia huko," alisema Naisula, "nikafa, nani atanizika?"

"Una umri wa miaka ishirini."

"Ndiyo, Dakta. Lakini niko peke yangu hapa. Mwakie ni mimi tu. Ng'wandu aliniambia, mtani wako ndiye anayelala kaburini watu wasizike mpaka wacheke. Nikajiambia, basi, hapa kuna mtu ambaye siku hiyo ana kazi kwangu. Tangu hapo nalala usingizi." Akanyoosha mkono kuomba kipuli chake. "Sikatai kulindwa. Nguzo iliniletea daktari nilipoumwa nikaficha. Naiheshimu. Lakini haiwezi kunichokoza."

Tekla alifungua droo, akamrudishia.

*

Hata hivyo, hakutia wala hakukataa kutia sahihi. Maneno ya watu wawili wenye maslahi si ushahidi. Siku ya Alhamisi baada ya chakula cha mchana aliomba karatasi ya asili ya safu ya Waakie.

"Ipo na sauti yake," ilisema Nguzo. "Jina la mdadisi: T. Mbwambo."

Tekla alikumbuka safari, vumbi, gurudumu lililopasuka mara mbili. Alikuwa na miaka ishirini na minane, na fomu mia moja na arobaini za kukamilisha kabla ya mvua.

"Cheza."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya mtu mwenye haraka na adabu. *Mzee, na watani wenu ni kina nani?* Kuni zikilia motoni. Mwanamke mmoja akacheka kwa mbali. Kisha mzee, polepole, kwa Kiswahili cha mtu anayekitumia mara chache na kwa uangalifu:

*Bado.*

*Bado nini, Mzee?*

*Bado hawajaja.*

*Kwa hiyo hamna.*

Kalamu ilisikika ikikwaruza. Fomu ilikuwa na visanduku viwili: *Jina la watani*, na *Hawana*. Kisanduku cha tatu hakikuwapo, na yeye, msomi wa lugha aliyetunukiwa shahada kwa sifa, aliyeweza kutofautisha nyakati kumi na mbili za kitenzi cha Kiswahili, hakuona kwamba alichoambiwa hakikuwa ukanushi. Hakuna mtoto wa nchi hii ambaye angelifanya kosa hilo nyumbani. Ukimwuliza mama kama chakula kipo, akajibu "bado," huondoki, unavuta kigoda. Lakini alikuwa ameshika fomu.

"Rudia," alisema.

Nguzo ilirudia mara nne. Mara ya nne ilisema, bila kuulizwa, "Nilijifunza kutoka kwenye karatasi, Dakta. Sikujifunza kutoka kwenye sauti."

"Najua ulijifunza kutoka kwa nani."

*

Ijumaa saa nne asubuhi aliamuru safu mpya iandikwe: Waakie na Wasukuma, watani. Nguzo haikugoma, haikuumbwa kugoma. Ilitoa hesabu tu, na hesabu hiyo ndiyo iliyomfanya Tekla aisifu rohoni, kwa kuwa ilikuwa hoja ambayo yeye mwenyewe angeitoa.

"Wasukuma waliosajiliwa hapa ni elfu nne, mia mbili na sita. Mwakie ni mmoja. Safu ikiandikwa, nitawanyamazia wote. Bwana Shigela ana hekima. Sina ushahidi kwamba wengine elfu nne, mia mbili na watano wanayo."

Hapo ndipo penye fundo. Akikataa, msichana anahamishwa mahali ambapo hatacheka, na mtu mwema anafukuzwa. Akikubali, anamkabidhi mmoja kwa maelfu, na siku mpumbavu mmoja atakapomwita jina lile la majirani na kusema "natania tu," mashine itakaa kimya kwa amri ya Tekla Mbwambo.

Alitembea hadi dirishani, akarudi. Hakuwa mtu wa kutembeatembea.

"Jedwali lako," alisema hatimaye, "linahifadhi nini?"

"Nani anaruhusiwa kumwambia nani nini."

"Hiyo ni nusu ya utani. Nusu ya ulimi. Tuliuliza nani anamtukana nani, tukasahau kuuliza nani anamchimbia nani kaburi. Andika." Aliketi. "Kwanza: neno la utani halihesabiwi utani mpaka lijibiwe na aliyeambiwa. Likikosa jibu siku tatu, ni tusi, nawe utende. Kipuli kihifadhi kwamba jibu lilitoka, si maneno yake. Pili: kila anayetumia safu hii anaandikwa jina. Penye ugonjwa, msiba au mkosi, unamwita. Asipokuja bila udhuru, ulimi wake unafungwa. Mwenye kutaka kutania awe tayari kushika jembe."

"Kanuni ya pili inahusu upande upi?"

"Upande wowote," alisema Tekla, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika sheria nadhifu, na hakufikiri zaidi ya hapo.

"Na pendekezo langu la awali?"

"Nakataa kutia sahihi."

"Imeandikwa. Saa nne na dakika thelathini na tatu."

Tangazo lilipobandikwa, palikuwa na kicheko kingi kwenye mabweni ya Wasukuma, kisha utulivu wa watu wanaofikiri. Kati ya elfu nne, mia mbili na sita, waliojitokeza kumtania Naisula Bahati walikuwa kumi na tisa. Mwezi wa sita alipolazwa kwa malaria, Nguzo iliwaita wote. Kumi na saba walikuja wodini, wakamwambia wameleta msumari wa kufungia mzinga, naye akiwa na dripu mkononi aliwauliza kama mvua za kwao zimekatika tena ndiyo maana wamefuata supu ya hospitali. Muuguzi aliwatoa nje wote. Wawili ambao hawakuja walifutwa kwenye safu, na mmoja wao alikuja ofisini kwa Tekla kuomba arudishwe. Hakurudishwa.

*

Wiki ya mitihani, Jumanne, Nguzo ilitoa shikamoo yake kisha ikasema: "Mama mzazi wa Bwana Shigela amefariki. Bariadi. Anazikwa kesho. Nimeita watani kwa mujibu wa safu."

"Wasukuma hawajiiti wenyewe."

"Sikuwaita Wasukuma, Dakta. Kanuni ya pili, upande wowote. Aliyetumia safu kwa upande wa pili ni mmoja."

Tekla alielewa taratibu, na hakufurahia jinsi alivyoelewa taratibu. Alikuwa ameandika kanuni ili msichana yule asikose mtu. Haikumjia hata mara moja kwamba kuna mtu ambaye angeweza kumkosa msichana yule.

"Ana mtihani wa miundo kesho saa tatu."

"Nilimweleza. Nikamweleza pia kwamba mtihani ni udhuru halali."

"Akasemaje?"

"Amepanda basi saa kumi na mbili na nusu. Ameacha barua kwa mhadhiri wake, anaomba mtihani wa marudio. Sababu aliyoandika: *Nina kazi ya kuchelewesha maziko.* Sina kundi la kuiweka sababu hiyo."

"Tengeneza."

Siku ya pili yake, saa nane mchana, Nguzo ilimwita. Naisula alikuwa ametuma ridhaa ya maandishi kwamba sauti ya kipuli chake, na maneno yake yote, yasikilizwe na Dakta Mbwambo peke yake. Tekla alifunga mlango.

Kulikuwa na kilio cha watu wengi, udongo ukichotwa, mchungaji akianza kusoma. Kisha sauti nyembamba, iliyotoka chini, ndani ya ardhi kabisa:

*Hazikwi mtu! Nimelala humu na sitoki! Mama huyu alimzaa Ng'wandu, akamlisha michembe mpaka kichwa kikawa kigumu kuliko zege, kisha anaondoka aniachie mimi? Mama, amka umchukue mwanao! Kule kwetu hata nyuki wamemkataa!*

Kilio kilikatika. Mamia ya watu wasiomjua, ardhi ngeni, na msichana ambaye miezi minane iliyopita aliomba samahani kabla ya kila swali, amelala kaburini mwa mama wa mtu.

Kisha mtu alicheka. Sauti nene, iliyochanika katikati kwa kilio, na bado ni kicheko. Wanawake wakaipokea, wengine wakapiga vigelegele, na mzee mmoja akauliza kwa mshangao, *Huyu mtani wetu katoka wapi?*

"Mapigo yake?" aliuliza Tekla.

"Mia na thelathini na moja. Kipimo cha mashaka, tisa." Nguzo iliongeza: "Ripoti ya safu, Dakta. Mwitikio wa wito, upande wa Wasukuma: asilimia themanini na tisa. Upande wa Waakie: asilimia mia moja."

Tekla hakutabasamu. Alichukua karatasi ya jedwali, akashuka na kidole hadi mwisho. Palikuwa na jamii nyingine kumi na sita zenye neno lilelile aliloliandika yeye kwa haraka kabla ya mvua, au waliloliandika wenzake walioshika fomu ileile.

"Zote hizi," alisema. "Futa *Hawana*. Andika *Bado*."

"Nimeandika. Dakta, katika hesabu, *bado* niihesabu kama sifuri au kama moja?"

"Usiihesabu. Isubiri."

Zilipita sekunde nne, muda ambao kwa kawaida Nguzo iliutumia kupitia maisha ya wanafunzi elfu thelathini.

"Nasubiri," ilisema.